Kulinda Lugha na Mila za Jamii Ndogo: Mwongozo kwa Vijiji vya Mwambao wa Kigoma

Mkoa wa Kigoma unajulikana zaidi kwa Waha, na ni haki yao, kwa kuwa ndio wengi. Lakini ukishuka kwa boti kwenye Ziwa Tanganyika kuelekea kusini hadi Buhingu na Kalya utawakuta Watongwe, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kibende kinachozungumzwa upande wa Katavi; na ukipanda treni hadi Uvinza utawakuta Wavinza, wenyeji wa nchi ambayo chemchemi zake zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Jamii hizi ni ndogo, na kwa sababu sensa zetu hazijakusanya takwimu za makabila tangu ile ya mwaka 1967, hakuna waraka wa serikali unaoweza kukueleza leo kwamba Watongwe ni wangapi. Tunachokijua ni kile tunachokiona majumbani mwetu: bibi anazungumza Kitongwe, mama anaelewa lakini anajibu kwa Kiswahili, na mtoto anamtazama bibi bila kujua ametumwa nini.

Mimi ni Mtongwe kwa upande wa mama, na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kikundi kidogo cha kijijini kinachoshughulikia jambo hili. Yafuatayo ni yale tuliyojifunza kwa kufanya, mengine kwa hasara. Nimeyapanga kwa hatua ili kijiji kingine, kiwe cha Watongwe, cha Wavinza au cha Wakimbu kule Sikonge mkoani Tabora, kisianze kutoka mwanzo kama tulivyoanza sisi.

Kabla ya hatua yenyewe, ni vyema kufahamu tatizo liko wapi. Kitongwe hakijakosa watafiti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walianza kuwafuatilia sokwe wa milima ya Mahale mwaka 1965, wakiongozwa na wenyeji waliojua kila mti kwa jina, na mwaka 1981 orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe ilichapishwa katika jarida la kitaaluma huko Japani. Ni kazi ya heshima na ninaishukuru, ila katika ofisi za vijiji nilizoingia sijapata kuiona nakala yake hata moja. Wakati huohuo, watu walikuwa wakihamishwa kutoka milimani katika miaka ya Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, na mwaka 1985 eneo la takriban kilomita za mraba 1,613 likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale. Mtu anapohama mlima anaacha huko majina ya vijito, ya mapito, ya miti ya dawa na ya mahali walipozikwa wazee wake, na majina hayo yasipoandikwa na wenyewe, yakatunzwa na wenyewe, yanakwenda na kizazi kilichoyatumia. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitasisitiza karatasi, mihuri na nakala kuliko hotuba.

Hatua ya kwanza: jueni sheria, kwa kuwa swali la kwanza mtakaloulizwa ni la ukabila

Siku mtakapotaja neno “Kitongwe” mbele ya kiongozi yeyote, atawauliza kama mnataka kuleta ukabila. Msikasirike, kwa maana swali hilo linatoka katika historia ya nchi ambayo ilijengwa kwa kukataa kugawanyika, na Kiswahili ndicho kilichotufanya tuelewane tangu Kigoma hadi Mtwara. Jibuni kwa utulivu na kwa maandishi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na inapofafanua ubaguzi inataja kabila waziwazi. Ibara ya 20 inatoa uhuru wa watu kukutana na kushirikiana. Kinachozuiwa humo ni kusajiliwa kwa chama cha siasa kinachokusudia kukuza maslahi ya kabila fulani. Kikundi cha kuhifadhi lugha si chama cha siasa, na katiba ya kikundi chenu inapaswa kulisema hilo katika kifungu chake cha kwanza kabisa, pamoja na kwamba mtu wa kabila lolote anaweza kuwa mwanachama.

Hati yenye nguvu zaidi mkononi mwenu ni Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997. Sera hiyo inasema kwamba wananchi wataendelea kuzitumia na kujivunia lugha zao za jamii, na kwamba watu binafsi, mashirika na taasisi watahimizwa kuzitafiti, kuziandika, kuzihifadhi na kuzitafsiri, na pia kutunga kamusi na vitabu vya sarufi za lugha hizo. Chapisheni ukurasa huo, mwende nao kila ofisi. Sisi tuliuweka ndani ya bahasha ya nailoni kwa sababu ya mvua na safari za boti, na umetufungulia milango ambayo maneno matupu yasingeifungua. Mkiulizwa kuhusu mikataba ya kimataifa, itoshe kutaja miwili: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976 na ambao Ibara yake ya 27 inalinda haki ya jamii ndogo kuutumia utamaduni na lugha yao, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 1984, ambao Ibara yake ya 17 inampa kila mtu haki ya kushiriki katika utamaduni wa jamii yake.

Hatua ya pili: pitisheni azimio katika mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu. Mpelekeeni mtendaji wa kijiji barua ya kuomba ajenda mapema, kabla tangazo la mkutano halijabandikwa, kwa kuwa mambo yanayoingizwa chini ya “mengineyo” hujadiliwa watu wakiwa wameanza kunyanyuka. Azimio liwe fupi: kijiji kinatambua lugha na mila za jamii husika kuwa sehemu ya urithi wake, kinakipa kikundi fulani jukumu la kuzikusanya, kumbukumbu zote zitakuwa mali ya kijiji na nakala itatunzwa ofisini, na mgeni yeyote anayekuja kurekodi atapitia kwanza katika halmashauri ya kijiji. Hakikisheni yote manne yameandikwa katika muhtasari, umesainiwa na kugongwa muhuri, kisha ombeni nakala siku hiyohiyo.

Wakaribisheni majirani. Katika vijiji vya mwambao wanaishi Waha, Wabembe na Wasukuma pamoja na Watongwe, na mtu asiyeelezwa hujaza pengo kwa hofu. Katika mkutano wetu alisimama mzee mmoja, Muha, mvuvi wa siku nyingi, akauliza kama watoto wake watalazimishwa kujifunza Kitongwe. Tulipomjibu kwamba hakuna atakayelazimishwa, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba wajukuu zake nao hawakijui Kiha sawasawa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliunga mkono azimio. Nimesimulia hili kwa sababu tulikuwa tumefikiri kuuandaa mkutano wa Watongwe peke yao, na lingekuwa kosa kubwa.

Usajili wa kikundi hauna ugumu: andaeni katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na muhtasari wa kijiji, muende navyo kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ya wilaya, kisha mjitambulishe kwa afisa utamaduni.

Hatua ya tatu: wekeni utaratibu wa ridhaa kabla ya kurekodi mtu yeyote

Miaka kadhaa iliyopita alifika kijijini kwetu mgeni mwenye vifaa vizuri. Alikaa siku tatu, akawarekodi wazee wanne wakiimba na kusimulia, akawapa sukari na sabuni, akaondoka. Hatukuuliza jina la taasisi yake wala hatukudai nakala. Wawili kati ya wazee hao wamekwisha kufariki, na sauti zao ziko mahali tusipopajua. Mjukuu wa mmoja wao huniuliza kila tunapokutana kama nimesikia habari zozote, nami sina la kumjibu.

Kwa hiyo, mgeni akija, ombeni mambo matatu kabla hajafungua begi. La kwanza ni kibali cha utafiti kinachotolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pamoja na barua za utambulisho kutoka mkoani na wilayani. La pili ni maelezo ya maandishi, kwa Kiswahili, yanayosema atarekodi nini na kitatumika wapi. La tatu ni ahadi iliyosainiwa kwamba nakala kamili itabaki kijijini kabla hajaondoka, siyo kwamba itatumwa baadaye. Aliye mkweli hatachukia.

Utaratibu huo uwabane na ninyi wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa za watu, na sauti ya mzee akisimulia ukoo wake ni taarifa yake binafsi. Ridhaa inaweza kutolewa kwa mdomo na kurekodiwa: mzee ataje jina lake, aseme amekubali kurekodiwa, aseme nani anaruhusiwa kusikiliza, na aseme kama inafaa kusambazwa kwenye simu za watu. Akisema hapana kwa jambo lolote, iandikeni hapana hiyo na muiheshimu. Yapo mambo ya matambiko na ya uganga ambayo wenyewe hawataki yatoke nje ya ukoo, na kuyalinda ni pamoja na kutoyaandika. Kwa upande wa nyimbo, hadithi na ngoma, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Kumbukumbu yenye tarehe, mahali na jina la msimulizi ndiyo itakayowasaidia ikiwa siku moja mtausikia wimbo wenu ukiuzwa kwa jina la mtu mwingine.

Hatua ya nne: rekodini lugha ikiwa kazini

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Makosa yetu ya mwanzo yalikuwa kumketisha mzee kwenye kiti, kumwelekezea simu, na kumwuliza Kitongwe cha “nyumba” ni nini, cha “maji” ni nini. Tulipata maneno mia mbili ambayo kila mtu aliyajua, na mzee akachoka.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa na bibi yangu mdogo kwenye changarawe za pwani, akigeuza dagaa waliokuwa wakikauka, na simu yangu ilikuwa imebaki wazi ndani ya kikapu. Ghafla aliacha kugeuza, akainua uso kuelekea ziwani, akatamka neno moja tu. Binti zake wawili waliinuka mara moja wakaanza kuzoa dagaa kwenye magunia, na mimi nikabaki nimekaa, kwa kuwa sikuwa nimeelewa. Dakika chache baadaye upepo ulishuka kutoka milimani ukapeperusha kila kilichobaki. Hakuwa amesema “upepo unakuja”. Alikuwa ameutaja kwa jina lake, na ndani ya jina hilo mlikuwa na upande unakotokea, nguvu zake, na muda uliobaki kabla haujafika. Jioni nilipomchezea rekodi ile alicheka, kisha akaniketisha akanieleza pepo nyingine za ziwa moja baada ya nyingine, jambo ambalo nisingelipata kwa kuuliza tafsiri ya neno “upepo”.

Tangu siku hiyo tunagawa kazi kwa nyanja, wala hatufuati alfabeti. Tunachukua jambo moja kwa mwezi mmoja: ziwa na uvuvi, mvua na kilimo, ukoo na heshima, chakula na mapishi, mimea na magonjwa, msiba, ndoa. Katika kila nyanja tunakwenda pale kazi inapofanyika, tunarekodi watu wakizungumza wao kwa wao, na maswali tunayauliza baadaye tukisikiliza pamoja. Kwa Wavinza ningeanza na chumvi, kwa sababu shughuli ya namna hiyo hubeba istilahi ambazo haziko mahali pengine popote. Wapangeni wanawake kuwarekodi wanawake, kwa kuwa kuna mazungumzo ya uzazi na unyago ambayo mwanamume hatayasikia, na hapaswi kuyasikia.

Kuhusu vifaa, simu ya kawaida inatosha. Zimeni mtandao ili isiite, ilazeni juu ya khanga iliyokunjwa karibu na mdomo wa msemaji, na kaeni mbali na mawimbi na paa la bati wakati wa mvua. Mwanzoni mwa kila rekodi tajeni tarehe, kijiji na waliopo, kisha faili lipewe jina lenye taarifa hizohizo. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, fanyeni nakala tatu: moja kwenye kadi ya simu, ya pili kwenye flashi iliyoko ofisi ya kijiji, na ya tatu kwa ndugu anayeishi mbali, Kigoma Mjini au Dar es Salaam. Nasisitiza siku hiyohiyo kwa sababu mimi nilisubiri. Simu ilinichomoka mkononi nikipanda boti ya kwenda Kigoma, na saa nne za mazungumzo zikazama nayo. Kati ya waliorekodiwa humo alikuwemo mzee ambaye hakuishi hata mwezi mmoja baada ya hapo.

Hatua ya tano: kubalianeni namna ya kuandika

Anzeni na herufi za Kiswahili, kwa sababu kila aliyesoma darasa la kwanza anazijua. Lugha nyingi za Kibantu, hata hivyo, zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika neno, na urefu wa irabu unaobadilisha maana, mambo ambayo Kiswahili sanifu hakiyaandiki. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulionja tatizo hili akilinganisha “barabara” ya kupitia magari na “barabara” yenye maana ya sawasawa, ambazo zinaandikwa sawa na kutofautishwa kwa mkazo peke yake. Sasa afikirie lugha yenye jozi kama hizo kwa mamia. Sisi tunaandika irabu ndefu kwa kuirudia, na toni tunaiwekea alama pale tu ambapo bila alama neno lingechanganywa na jingine.

Kipimo chetu cha tahajia ni rahisi: mtu mmoja anaandika ukurasa mmoja, na mwingine ambaye hakuwepo anausoma kwa sauti mbele ya mzee. Pale mzee anapokunja uso, ndipo tahajia inapohitaji marekebisho. Kwa maswali magumu, waandikieni wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho mwaka 2001 kilianzisha mradi wa kuzitafiti lugha za Tanzania.

Hatua ya sita: yaingizeni maeneo ya mila katika mpango wa ardhi

Maeneo ya matambiko, makaburi ya wazee na vichaka vya dawa yaliyo ndani ya ardhi ya kijiji yanaweza kulindwa kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu msitu wa hifadhi wa kijiji. Mpango wa matumizi ya ardhi ukiandaliwa, wazee watembee na wapimaji, wayataje maeneo hayo kwa majina yake ya asili, na majina hayo yaandikwe kwenye ramani. Eneo likishatengwa, kijiji kitunge sheria ndogo, ipitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Yaliyo ndani ya hifadhi ya taifa ni suala jingine na linahitaji mazungumzo na uongozi wa hifadhi; andikeni barua kwa jina la kijiji, mkiomba ruhusa ya siku maalumu na watu maalumu, kwa kuwa ombi lililo wazi hujibika.

Hatua ya saba: watoto

Nikiwa darasa la tatu nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kumwita mwenzangu kwa Kitongwe uwanjani, nikatakiwa kukivaa hadi nimkamate mwingine. Sikukizungumza tena shuleni, na baada ya muda nikaacha kukizungumza hata nyumbani. Kwa sababu hiyo ninawaomba wazazi wahudhurie vikao vya kamati ya shule na kumwomba mwalimu mkuu kwa heshima kwamba, ingawa masomo yanafundishwa kwa Kiswahili, mtoto asiadhibiwe kwa lugha ya mama yake wakati wa mapumziko. Walimu wengi wametoka mbali na hawana nia mbaya. Mkiwaonyesha ile Sera ya mwaka 1997 wengi wataelewa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili nalo ni nafasi ya kumkaribisha mzee mmoja darasani, asimulie asili ya kijiji kwa Kiswahili na kuyataja majina kwa lugha yake.

Kufundisha lugha yenyewe kufanyike nje ya shule. Sisi tunakutana Jumamosi alasiri, saa moja tu, chini ya mwembe, na hatutumii ubao: bibi anapika, watoto wanatumwa kwa Kitongwe kuleta kuni, maji au chumvi, na anayeelewa analeta.

Hatua ya nane: haki inapovunjwa

Mzee asiyeelewa lugha ya mahakama ana haki ya kutafsiriwa ushahidi unaotolewa dhidi yake, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaitambua haki hiyo. Aseme mapema, kabla ya kujibu mashtaka, kwamba anahitaji mkalimani, na ndugu zake wahakikishe jambo hilo limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Kwenye zahanati, mwenye mgonjwa aombe kuingia naye ili kumtafsiria. Majina yakaguliwe kabla ya kupokea cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa kuwa jina la ukoo likiandikwa vibaya, kulisahihisha baadaye kunadai viapo, nauli na siku nyingi.

Likitokea jambo la ubaguzi, andikeni tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya mashahidi siku ileile. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, kisha wa kata, kisha ofisi ya mkurugenzi, kila mara kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watawasaidia kuandika bila malipo. Suala likikwama, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Mafaili yetu sasa yamo ndani ya sanduku la bati ofisini kwa mtendaji, na funguo ni mbili: moja anayo yeye, nyingine anayo mjumbe mwanamke aliyechaguliwa na mkutano. Kila mwisho wa mwaka tunalifungua mbele ya wanakijiji, tunazikagua flashi moja baada ya nyingine kama bado zinasoma, na tunawachezea watu dakika chache za sauti za waliofariki katika mwaka huo, jamaa zao wakiwa wameketi mbele.